Kioo Hakijafunguka

Siku ya arobaini ya Mjomba Bakari, kule Msambweni, wanaume walipokwisha kusoma hitima na sinia za wali zimekwisha kuzungushwa, mama mmoja aliyetoka Bodo alinisogelea pale jamvini. Akainama karibu na sikio langu, akaninong'oneza, "Samahani dada, nisamehe kwa kuuliza. Eti marehemu alizikwa na kioo chake?" Nilijifunika uso kwa leso nisionekane nacheka. Wengine walidhani nalia, wakanipigapiga bega kunipa pole. Nilipopata pumzi nikamjibu kwamba kioo kilitolewa zamani sana, nami nilikuwapo. Nikaona wazi kwamba jibu halikumpendeza. Lakini mjukuu wangu Zuhura, aliyekuwa ameketi ubavuni pangu, aliacha kula. "Kioo gani, bibi?" Huyu Zuhura haoni mbali, kama mimi na kama marehemu, na wakati ule alikuwa amekwisha kwenda hospitali ya macho Mombasa, akaambiwa kwamba anaweza kutiwa lenzi ndani ya jicho aachane na miwani. Mama yake amekubali, baba yake amekubali, yeye mwenyewe hata usingizi hapati kwa furaha. Lililobaki ni neno langu, nami nilikuwa nimelikalia bila kusema kwa nini. Basi nilimwambia anawe mikono, tukaenda kukaa uani, nikamsimulia mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya bendera kupandishwa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, wa kuposwa wakati wowote, nami nakaa kwa mama yangu mdogo, Mama Mejumaa, katika nyumba ya makuti karibu na njia ya kwendea hospitali ya Msambweni. Nyumba za namna ile kuta zake haziifikii dari. Ukinong'ona chumba cha mwanzo unajibiwa chumba cha mwisho, na ukikohoa watu watatu wanakuambia pole. Chumba cha Mama Mejumaa kilikuwa kulia, changu nyuma karibu na jiko, na cha kushoto, penye dirisha la kutazama njiani, alikuwa akikaa ndugu yao yeye na mama yangu mzazi, Mjomba Bakari, aliyerudi kutoka melini. Kilikuwa chumba cha kupendeza. Kilinuka sabuni ya kunyolea. Kulikuwa na sanduku la mbao lenye pembe za shaba, mkebe wa biskuti uliojaa vifungo, na shati jeupe limetundikwa ukutani, halivaliwi ila siku ya safari. Nilikuwa napenda kufagia humo kuliko popote, kwa sababu kila nilichokigusa nilitaka kujua kimetoka nchi gani.

Macho yangu yalikuwa mabovu tangu utotoni. Kitu cha karibu naona hata mguu wa sisimizi, lakini kutoka hapa hadi mlangoni watu wote ni vivuli. Nilikuwa nawajua kwa mwendo na kwa kikohozi. Siku moja nililiamkia shikamoo gunia la nazi lililoegemezwa barazani, nikashangaa mzee gani huyu mwenye kiburi, haitikii. Miwani nilikuwa nayo, imefungwa uzi nyuma, nzito, ikiteleza kwa jasho kila nikiinama kwenye moto, na wasichana wenzangu walikuwa wananiita Bi Madirisha. Mjomba alizaliwa na macho yaleyale. Ila yeye, katika mji mmoja wa bandari huko Italia, alikutana na daktari aliyekuwa akiwatia watu kioo kidogo cha plastiki ndani ya jicho, mbele ya mboni, bila kung'oa chochote cha asili. Mjomba alikuwa mpishi melini naye alitaka kushika usukani, na mwenye miwani hapewi usukani. Akakubali, akatiwa kioo katika jicho la kulia. Alirudi Msambweni anasoma kwa jicho moja majina ya meli zinazopita mbali, huku watu wanabisha kama kuna meli au hakuna.

Kosa lake lilikuwa ni kusema. Jioni moja barazani wakamwuliza imekuwaje haji tena na miwani, naye akajibu kwa fahari, "Nina kioo ndani ya jicho." Sasa kwetu mtu mwenye kioo ni mtu gani? Ni mganga anayetazamia, anayekiinamia kioo chake akakuambia aliyekuibia kuku na aliyemfunga dada yako asiolewe. Na wengine wote wanakishika kioo mkononi. Huyu amekimeza jichoni kabisa. Siku chache baadaye akaja bwana mmoja amepotelewa na mbuzi. Mjomba akaona amchezee kidogo. Akamkazia jicho, akakaa kimya, akasema, "Nenda kamtazame kwa shemeji yako." Basi wallahi, yule mbuzi alikuwa kwa shemeji yake. Mama Mejumaa alisema mbuzi wote waliopotea tangu dunia iumbwe wako kwa mashemeji, haihitaji kioo kulijua hilo, lakini nani atamsikiliza. Wakaanza kuja kutoka Bodo, kutoka Funzi, mpaka Tiwi. Na kwa kuwa kutazamia ni jambo la alfajiri, kabla mwenye kioo hajala wala hajazungumza na watu, walikuwa wanafika tunapokanda unga wa mahamri. Mama Mejumaa akawa anawalisha mahamri na mbaazi huku akilalamika kwa sauti ya kusikika kwamba amefungua mkahawa bila yeye kujua.

Walilishwa kwa sababu walilazimika kungoja. Mjomba alikuwa hatoki chumbani asubuhi. Mimi ndiye niliyetumwa kumgongea, na kila siku alinijibu kutoka ndani, "Waambie kioo hakijafunguka." Nilikuwa nawapelekea jibu hilo, nao wanaitikia kwa heshima, wanasema sawa, kioo kina wakati wake. Adhuhuri ikikaribia mlango unafunguliwa, mjomba anatoka amenyoa, anacheka, anawaambia wote waende zao wakaswali na wafunge mifugo yao vizuri. Kwangu mimi lile neno lilikuwa mzaha wake tu. Nilianza kujiuliza pale nilipomsikia akilisema asubuhi moja ambayo hakuna mgeni yeyote. Mama Mejumaa alikuwa amemwita chai. "Kioo hakijafunguka," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

Hapa nieleze jambo moja ili nieleweke. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, na Mjomba Bakari alikuwa amekwisha kulitoa neno lake: nitatiwa kioo na mimi, macho yote mawili. Kulikuwa na daktari wa macho Mombasa, Mhindi mpole aliyesomea kazi hiyo kulekule Italia. Alinipima, akasema naweza. Lakini alitaka kwanza aliangalie jicho la mjomba kwa muda wa mwaka huo, na kama litakaa salama, baada ya Idi Kubwa atamtia mjomba kioo jicho la pili, na mimi jicho langu la kwanza. Basi tulikuwa tunakwenda kwake mara kwa mara. Tunaondoka na basi la asubuhi, vumbi, abiria, mapakacha, tunangoja feri ya Likoni, na tukifika kwa daktari jua liko utosini. Anamketisha mjomba kwenye ule mtambo wake wa taa, anachungulia, anasema, "Safi kabisa, Bwana Bakari." Na mimi moyo wangu unaruka. Nilikuwa nikirudi nyumbani navua miwani ndani ya basi ili nijizoeze kuwa mtu asiye na miwani. Ninyi mlioona mbali tangu kuzaliwa hamwezi kujua hamu ile ilivyokuwa. Nilitaka kuona uso wa mtu kabla hajanisemesha, basi.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo haukunipa raha. Jioni moja tunakula mihogo ya nazi, mjomba akaiuliza taa, si sisi, "Mbona kandili imevaa kilemba cha rangi?" Akasema anaona duara nyekundu na kijani kuizunguka. Mama Mejumaa akasema huyo ni mtoto wa jicho, hana haja ya kwenda Mombasa kuambiwa. Nilinyamaza, kesho yake nikaenda kwa jirani yetu Bi Riziki, aliyekuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, nikamwuliza huwa anaona vipi asubuhi na vipi mchana. Alinicheka. "Mwanangu, huyu wangu halali wala haamki. Asubuhi yupo, mchana yupo, nami nimemzoea." Basi wa mjomba hakuwa mtoto wa jicho. Wa mjomba alikuwa anakuja na kuondoka.

Nikafikiri labda ni asubuhi yenyewe, baridi yake, au umande. Mpaka siku ya Ijumaa. Mjomba alirudi msikitini, akala wali na papa wa nazi, akajilaza, akaamka alasiri, nami nikamletea chai. Akanyoosha mkono, akamimina chai yote pembeni ya kikombe, juu ya sinia, mbele ya macho yangu. Na ilikuwa jua kali la alasiri. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, naona jambo linafunguka taratibu kichwani mwangu. Haikuwa asubuhi. Ilikuwa ni kufumba. Kila jicho lile likifumbwa kwa muda mrefu, ukungu unaingia; likikaa wazi, ukungu unakwenda. Na daktari hajawahi kuuona, kwa sababu kutoka Msambweni mpaka kwake ni nusu siku ya jicho kuwa wazi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu, niseme kweli. Halafu nikakuna nazi ya usiku, na nilipokuwa nakuna nikaelewa nimeokota nini. Daktari akiujua ukungu ule, jicho la mjomba huenda likaokoka, na mimi sitatiwa kioo. Nilikuna mpaka kifuu.

Nilimfuata chumbani mwake kabla ya magharibi. Nikamwambia, "Mjomba, jicho lako haliugui asubuhi. Linaugua likifumbwa." Akauliza ni nani aliyeniambia. Nikamjibu, "Chai." Alicheka kidogo, akakaa juu ya sanduku lake. Kisha akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtu mzima mwenzake. Bandarini Mombasa Wazungu wanaanza kuondoka kwenye zile boti za kukokota meli, wanatafutwa watu wetu washike usukani, na watapimwa macho bila miwani. "Nimengoja hili tangu nilipokuwa naosha sufuria, mpwa wangu. Acha nitiwe la pili. Acha na wewe utiwe. Nikishapita pale, mimi mwenyewe nitamwambia daktari." Nikamwuliza kama hadi wakati huo jicho litakuwa bado lipo. Aliyejibu ni Mama Mejumaa kutoka chumba cha pili, juu ya ukuta: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mjomba akasema dada, hatukuzungumza na wewe. Mama Mejumaa akasema basi zungumzeni kimya.

Safari iliyofuata niliamka kabla yake, nikakaa mlangoni pake na kipande cha leso kilichofuliwa. Nilipomsikia anageuka kitandani nikamwambia asifumbue jicho la kulia. "Nalifunga hivihivi, twende nalo limefungwa mpaka kwa daktari, alione kama tunavyoliona sisi. Fundo liko nyuma. Ukitaka kulifungua njiani, lifungue, sitakushika mkono." Aliinuka akakaa kitako kitandani, jicho limefumbwa. Kisha akainamisha kichwa, nikamfunga. Ndani ya basi watu waliomjua walidhani wameona ajabu, kioo kimefunikwa, wakampisha nafasi.

Kwenye feri tulisimama ubavuni, upande wa upepo. Katikati ya mkondo akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akalishika fundo. "Unajua akiuona ukungu huu hakutii wewe kioo?" Nikamjibu najua. "Na mimi bandarini ndiyo basi." Nikamwambia hilo pia najua, na hapo machozi yakaanza kunitoka, miwani ikajaa ukungu wake yenyewe, sioni Mombasa wala Likoni. Nilitamani alifungue. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimelifunga mimi, na moyo wangu wote ulikuwa unamwomba alifungue. Hewa ile ya baharini ingelikausha jicho hata kabla hatujapanda mjini. Vidole vyake vilibaki juu ya fundo mpaka feri ikagusa upande wa pili na watu wakaanza kusukumana. Akateremsha mkono, akachukua kapu letu, tukashuka.

Daktari alilifungua mwenyewe. Alichungulia kwenye mtambo wake, akaondoa uso, akapangusa vioo vya mtambo, akachungulia tena. Kisha akaniita mimi, akaanza kuniuliza: ukungu unaanza lini, unaondoka saa ngapi, akilala mchana inakuwaje, na taa je. Hakuona aibu kuniuliza wala mimi sikuona fahari kumjibu. Tulikuwa watu wawili wanaotaka kujua jambo moja. Mjomba akamwambia, "Daktari, niambie kama baharia." Na daktari akamwambia kama baharia. Alisema mbele ya jicho kuna kioo cha asili, kile kinachong'aa, na kwa ndani kimetandikwa vijisehemu vidogo visivyoonekana, safu moja tu. Hao ndio mabaharia wa kufua maji, wanaoyachota na kuyamwaga nje ya chombo. Jicho lina maji, maji yanapenya, nao wanafua usiku na mchana ili kioo kibaki kikavu na cheupe. Mmoja akifa, hazaliwi mwingine wa kupokea zamu yake. Mchana hewa inawasaidia kukausha, usiku kope zimefunga, wako peke yao, na waliobaki ni wachache, maji yanawashinda. Mjomba akauliza, "Na wanaouawa, nani anawaua?" Daktari akagusa meza kwa kidole. "Kioo nilichofundishwa kukitia. Kimekaa karibu nao mno, kinawasugua. Mimi niliambiwa ni salama, na mwaka wa kwanza nilikuwa naona salama."

Kioo kilitolewa. Nilikiona kwenye kibakuli, kitu kidogo kama ganda la dengu, na nikashangaa kwamba dunia yote ya mjomba ilikuwa ikipita humo. Kabla ya kuingizwa ndani mjomba alininyooshea kidole, akauliza, "Na huyu?" Daktari akasema hapana, huyu simtii, si kwa kioo hiki. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikalia kilio cha mtoto mdogo, mtu mzima mzima, hata mama mmoja wa Kihindi akanipa kitambaa chake. Wanaosema ukifanya jema moyo hutulia, mimi moyo wangu haukutulia, na haukutulia kwa miezi.

Haya yote nilimweleza Zuhura. Akasema, "Lakini bibi, hizi za sasa si zile." Kweli, nikamwambia, ndiyo maana twende wote. Juma lililofuata tulikwenda Mombasa, daktari wa sasa ni binti mdogo tu, ana heshima, akaniamkia shikamoo kabla sijaketi. Alinionyesha kwenye kioo cha mashine wale mabaharia wa jicho la Zuhura, wamepangana kama sega la asali, wengi, wazima, Mungu ni mkubwa. Miaka yote ile nilikuwa nawajua kwa habari tu, siku hiyo ndiyo nikawaona, na nilimwomba anirudishie picha mara ya pili. Akaeleza kwamba wanahesabiwa kwanza, na nafasi iliyo mbele ya mboni inapimwa, na lenzi yenyewe haikai mbele tena bali nyuma ya mboni, mbali nao. Nikamwuliza, "Na baadaye mnampima saa ngapi ya siku?" Akatabasamu, akadhani ni maneno ya uzee. Nilipomweleza sababu aliweka kalamu chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Basi nikalitoa neno langu. Atiwe, kwa sharti kwamba kila mwaka arudi wahesabiwe. Zuhura akauliza, "Hata kama naona vizuri?" Nikamwambia hasa kama unaona vizuri.

Jicho la mjomba lilipona kiasi. Bandarini walichukuliwa wengine, naye akavaa miwani, akafungua duka la kamba na misumari ya vyombo. Wiki nyingi za mwanzo hakunisemesha ila kwa salamu. Alikuwa hana hasira, alikuwa na msiba, na kila nikimwona amekaa kimya nilikuwa najiambia ni mimi niliyemtia msibani. Kisha asubuhi moja nilikuwa uani peke yangu, nimechuchumaa mbele ya karai, nageuza mahamri, hata jua halijapanda juu ya ukuta, nikasikia mlango wa chumba cha kushoto. Mjomba akatoka na miwani yake mipya, akakaa juu ya kinu kule upande wa pili wa ua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Sikuthubutu kumtazama. Nilikuwa nimezoea kwamba asubuhi mtu yule hayupo. Akanitazama muda mrefu namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu arudi kutoka melini.

"Una unga kwenye nyusi, mpwa wangu," akasema. "Ya kushoto."